Nilimficha mtaalamu chale zangu, mashine ya mwanga ikaniumbua

Wakuu, mbukwenyi! Haya yamenipata mimi, kwenye mwili wangu. Wale wa "weka picha" leo mtanisamehe, hii picha siweki.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mtumishi wa serikali, naishi Chamwino. Nina digrii. Hiyo digrii muikumbuke, tutaihitaji mbele.

Mwaka jana naoga, nikapapasa titi la kushoto, nikakuta kidonge kigumu kama punje ya karanga.

Msomi nikakimbilia hospitali? Thubutu! Nilimpigia shangazi yangu, anauza samaki Mtera.

Kesho yake akafika na perege wakavu, wembe mpya (usafi kwanza, jamani) na unga mweusi kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Akanichanja chale saba juu ya kile kidonge, akapaka unga wake. Nikasema asante shangazi.

Wiki tatu zikapita, kidonge kipo tu, kimehamia na familia.

Hapo nikaogopa kweli, wakuu. Binti yangu yuko darasa la pili. Kila nikimsuka nawaza nani atamsuka nikiondoka.

Ofisini likapita tangazo: hospitali moja mjini kuna watafiti wanajaribu mashine ya kupima matiti kwa mwanga. Haina mionzi, haibani titi, haina sindano. Hilo la sindano ndilo lililonivuta. Mtu aliyekubali wembe mara saba eti anaogopa sindano!

Nikaenda na shangazi. Alitaka kuiona "hiyo tochi yenu".

Ndani giza. Dada mtaalamu akaniamkia vizuri, akanieleza: mwanga mwekundu unapenya kwenye nyama, damu inaunyonya. Uvimbe mbaya hujivutia damu nyingi, kwa hiyo pale panatoka peusi kwenye picha. Wanapima matiti yote mawili ili walinganishe.

La kushoto likatoka jeusi tii.

Nikaanza kumpangia mwanangu mlezi kichwani.

Dada akawasha taa, akaangalia ngozi.

"Mama, hizi alama ni za nini?"

"Nimezaliwa nazo."

"Mbona moja bado ina kigaga?"

"Aleji." (Digrii hiyo, wakuu.)

Nyuma ya pazia shangazi akashindwa kuvumilia: "Aleji gani? Nimemchanja mimi! Saba! Na dawa nimeisaga mwenyewe!"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Dada hakucheka. Akasema ule unga umekaa ndani ya ngozi na unanyonya mwanga kuliko hata damu. Kwa hiyo mashine ya watu, iliyotoka mbali huko, ilikuwa imekaa inasoma dawa ya shangazi. Upande huo picha haifai kitu.

Kisha akarudi kwenye picha. Alikuwa anaangalia la kulia. Halina chale, haliumi, sijawahi hata kulifikiria. Kulikuwa na doa dogo, ndani kabisa. Akarudia kupima mara tatu. Akasema mashine bado ni ya majaribio, haitoi hukumu, nikafanye ultrasound.

Nikafanya. Ikafuata sindano niliyoikimbia, tena pande zote mbili.

Majibu: kidonge cha kushoto, mheshimiwa aliyechanjiwa chale saba, si saratani. Hana neno kabisa.

La kulia ndiyo. Changa, hata ukipapasa huisikii.

Shangazi akajifuta macho kwa kanga. Akasema, "Mwanangu, si ungeniambia na huku? Ningechanja."

Nilicheka, halafu nikalia. Maana ni kweli, angechanja. Na mashine ingesoma unga pande zote mbili, mimi ningerudi Chamwino na ile aleji yangu.

Nimefanyiwa upasuaji, naendelea na dawa. Binti bado namsuka mwenyewe, vibaya vilevile.

Nilichojifunza: yule dada hakushangaa chale hata kidogo, alishangaa uongo wangu. Shangazi asiyejua kusoma ndiye pekee aliyesema ukweli kwenye chumba kile.

Haya, wenye digrii zenu, mnaowadanganya madaktari mkiulizwa mmetumia nini. Njooni mseme hapa, humu hakuna anayetujua. Nyie mliwaambia nini?