Nilishindwa Mnada, Jioni Nikaambiwa Nimeshinda

Mchana nilishindwa mnada. Jioni nikaambiwa nimeshinda.

Hapo ndipo nilipopaswa kukimbia.

Mimi ni fundi nguo. Nashonea kwenye chumba cha mbele nyumbani kwangu, na nilikuwa nahangaikia overloki, ile mashine inayofunga kingo za kitambaa zisitoe nyuzi. Ya dukani sikuiweza. Nikaona moja kwenye mnada wa mtandaoni, imetumika kidogo tu, inang'aa.

Nikaweka dau. Mtu akapandisha. Nikapandisha tena, roho juu juu. Mwishoni kabisa akanipiku.

Basi. Nikarudi kwenye sketi za wanafunzi.

Jua linazama, ujumbe ukaingia.

"Habari dada. Mimi ndiye muuzaji wa ile overloki. Aliyeshinda ameingia mitini. Wewe ndiye unayemfuatia. Bado unaitaka?"

Naitaka? Nilipiga kigelegele peke yangu!

Akanipigia. Sauti ya upole, sauti ya mtu aliyelelewa.

"Tusipitie malipo ya mtandao wao, dada yangu. Wanashikilia hela mpaka mzigo ufike, na mama yangu yuko hospitali. Nitumie moja kwa moja. Na picha ya kitambulisho, pamoja na maelekezo ya kwako, msafirishaji asije akampa mtu mwingine."

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa pembeni anafumua pindo. Akaweka mkasi chini.

"Wifi, kwa nini anaukwepa mtandao aliouzia mwenyewe?"

"Mama yake anaumwa. Huna huruma?"

"Huruma ninayo. Nauliza tu."

Sikumsikiliza. Nikatuma hela. Nikatuma kitambulisho, mbele na nyuma.

Mashine haikuja. Namba ikazimwa.

Nikawaandikia wenye mnada. Wakanijibu kwamba muuzaji halisi alishamkabidhi mshindi mashine yake. Huyo wangu hawamjui; madau yalikuwa wazi kwa kila mtu, namba yangu aliiona humo. Ningelipia kwao wangenirudishia, lakini nimelipia nje.

Nikalia, nikafuta machozi, nikajua yameisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Asubuhi moja mlango ukagongwa kwa ngumi. Nikafungua. Mwanamke mmoja, na nyuma yake wanaume wawili waliovimba kwa hasira. Yule mwanamke akanitazama, akatazama simu yake, akanitazama tena.

"Ndiye huyu."

"Ndiye nani, mama?"

"Friji yangu iko wapi?"

Akanigeuzia simu. Kitambulisho changu. Jina langu. Uso wangu, natabasamu kama mjinga.

"Sijawahi kukuuzia kitu!"

"Ulitutumia hiki ili tukuamini! Hela tumemtumia mumeo, na ndiye aliyetuelekeza hapa."

Wifi akasimama katikati yetu.

"Mume wake ni kaka yangu wa tumbo moja. Hebu mpigieni huyo mume, tumsikie. Weka spika."

Simu ikaita. Ikapokelewa.

"Mmefika? Yupo humo ndani, friji kaificha chumbani. Atalia, atajifanya hajui kitu. Msimwonee huruma. Vunjeni, ingieni."

Mmoja wa wale wanaume akaweka mguu ndani ya kizingiti.

Ilikuwa sauti ile ile, na upole ule ule.

Nikajikuta naongea. "Kaka, ni mimi. Wa overloki. Mama anaendeleaje?"



Akacheka, kidogo tu, kama mtu aliyekutana na rafiki.

"Dada yangu! Kumbe bado upo?"

Akakata.

Mwanaume akaurudisha mguu wake nje, polepole. Yule mwanamke akaketi palepale sakafuni akajifunika uso kwa mikono. Wifi akamletea maji.

Tulikwenda polisi pamoja, mimi na yule mwanamke. Maelezo yamechukuliwa. Mpaka leo yule tapeli hajapatikana.

Ndugu yangu unayesoma, ukishindwa mnada, umeshindwa, kalale. Atakayekuja pembeni kukuletea ushindi, mkimbie. Lipia humo humo uliponunulia. Akikwambia muyamalize nje, kwa sababu yoyote ile, hata ya mama mgonjwa, funga simu.

Na kitambulisho si risiti. Mimi niliogopa kuibiwa hela. Sikujua kwamba mtu anaweza kuniiba mimi.

Hivi ninavyoandika, yuko mahali fulani anamtumia mtu picha yangu ili aaminike.

Ikikufikia wewe, ukauona uso wangu unatabasamu, usiniamini.

Si mimi.