Diski Ambayo Haikufungwa

Siipendi ile DVD, na sitajifanya kwamba naipenda. Ilirekodiwa siku ya ruracio, wakwe walipoleta mahari yangu, na mwanamume aliyekuja kunioa ameshaenda zake. Ndoa imekufa, DVD imebaki. Kwa miaka ilikaa chini ya kitambaa cha televisheni pale kwetu, kwenye kigongo juu ya mji wa Nyeri. Ningekuwa na akili ningeitundika kwenye maharagwe ifukuze ndege, kama wanavyofanya majirani.

Kisha mama akafa, na macho ya baba yakaanza kuzima. Siku moja aliniambia, "Hiyo CD ya ruracio iko na sauti ya mama yenu. Niwekee nisikie." Hatukuwa na sauti nyingine ya mama popote. Simu yake ilikuwa ya kubonyeza, na akiona mtu anataka kumpiga video alikuwa akigeuka na kuondoka.

Niliiweka. Mashine ikazunguka, ikakohoa, ikaandika kwamba hakuna diski. Nikaitoa, nikaifuta kwa leso, nikairudisha. Hakuna diski. Nikaipaka dawa ya meno, tiba ambayo kila mtu huku anaiamini bila sababu, nikaisuuza, nikaikausha. Hakuna diski. Baba alikuwa ameketi akielekeza sikio lake kwenye televisheni. "Bado?" aliuliza. Kila alipouliza nilizidi kuichukia ile mashine.

Fundi wa Nyeri alisema jicho la mashine limechoka. Akalisafisha, bila faida. Akasema basi mashine yenyewe imezeeka, na kwa bahati yeye ana nyingine ya kuniuzia. Kwa bahati! Nilijua ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini nilinunua kwa ajili ya baba. Nayo ikaandika hakuna diski. Nilipoirudisha, fundi aliniambia ati niliitikisa njiani.

Wa Karatina aliitia diski kwenye kompyuta, akacheka.

"Mathe, hii ni empty. Haina kitu."

"Haina kitu na tuliitazama sisi wote?"

"Labda mliota."

Nilimwambia maneno ambayo mwanamke aliyebatizwa hapaswi kuyasema, nikainyakua diski yangu nikatoka.

Huko Nanyuki kuna mama Mwislamu anayeuza redio na televisheni kuukuu zinazotoka hotelini. Hakunisalimia vizuri, nami sikumsalimia vizuri. Alichukua diski, akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango.

"Unaona hii duara ya ndani iko na rangi nzito kidogo? Hapo ndio pamechomwa. Kitu iko ndani."

"Mbona haichezi?"

"Haijafungwa. Mwenye alirekodi hakumaliza kazi. Diski ikiachwa hivi inacheza kwa mashine ile ile iliirekodi. Hizo zingine zote zinaiona tupu."

"Basi ifunge."

"Mimi? Si nimekuambia ni ile mashine? Enda kwa mwenyewe. Na uwache kuipaka dawa ya meno, inanuka."

Mwenyewe ni baba mdogo, mdogo wake baba. Ndiye aliyerekodi siku ile kwa kamera, akaitia kwenye diski kwa mashine aliyoinunua kwenye mnada wa hoteli, na nyumbani kwake ndiko tulikoitazama mara ile moja. Kama ningeambiwa mashine iko kwa shetani, ningekwenda nikiimba. Baba na nduguye hawazungumzi tangu mwaka ule. Mashamba yao yanapakana, na kinachoyatenga ni safu ya matoka, yale maua tunayopanda kuonyesha mwisho wa ardhi ya mtu. Kila mmoja anaapa kwamba mwenzake aliyang'oa na kuyasogeza. Wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Mimi nimelima hadi jembe limechakaa. Hata siku ya kumzika mama, walisimama pande mbili za kaburi.

Nilimkuta baba mdogo barazani akichambua maharagwe. Aliitia diski kwenye mashine yake, na mara hiyo hiyo ikacheza. Nilisikia mama akicheka mahali fulani nyuma ya wageni. Nililia, na nilikasirika kwamba nimelia mbele yake.

"Sasa ifunge niende nayo," nikasema.

"Kufunga ni kubonyeza tu."

"Basi bonyeza."

"Sibonyezi. Nikifunga mtaenda nayo, na hakuna mtu wenu nitaona hapa tena. Akitaka kumsikia, aje."

"Haoni, baba mdogo!"

"Ataona njia. Si huyo ndiye alikuwa anakuja kupima shamba yangu gizani?"

Nilimpelekea baba jibu hilo. "Siwezi kanyaga huko," akasema. "Afadhali nikufe bila kusikia." Na alimaanisha, kichwa ngumu yule. Alikuwa radhi kumkosa mkewe mara ya pili ili tu nduguye asimwone akivuka maua.

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Nilienda nikasimama katikati ya matoka nikawapigia kelele wote wawili, majirani wakatoka kusikiliza. Mimi ni binti wa kwanza, nimepewa jina la mama yao kama desturi yetu ilivyo, na tangu nizaliwe wote wawili huniita mama. Wakinibembeleza, mama. Wakitaka chai, mama. "Basi leo mama yenu amesema!" nikawaambia. "Wewe leta kiti yako hapa kwa mwisho wa shamba yako. Na wewe leta hiyo televisheni na hiyo mashine hapa kwa mwisho wa yako. Hakuna mtu atavuka. Na mwenye atafungua mdomo, nitavunja hiyo kitu na jembe!"

Walitii. Baba alikuja na fimbo na kigoda. Baba mdogo alivuta waya mrefu kutoka nyumbani, akaweka televisheni juu ya kreti, akaielekeza kwetu.

Kwanza alitokea yule mume, akikenua meno katika suti ya kuazima. Nilitema mate. Halafu picha ikaingia jikoni, na mama akainua uso kutoka kwenye sufuria, mwiko mkononi, akamwona baba mdogo na kamera yake.

"Wewe nawe! Weka hiyo kitu chini ukule, chakula inapoa. Na umuite ndugu yako. Tangu asubuhi hajaonja kitu."

Picha ikahamia kwa wageni. Baba alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Baba mdogo alikuwa akiutazama ule waya.

"Rudisha nyuma," baba akasema.

Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia nduguye kwa miaka hiyo yote, na alilisema kama mtu anayemwamuru mfanyakazi. Baba mdogo akarudisha. Umuite ndugu yako, mama akasema tena. Baba mdogo akarudisha mara ya tatu bila kuambiwa.

Siku hizi baba hunitaka nimpelekee kigoda pale kwenye matoka kila Jumamosi, baba mdogo naye huvuta waya wake, na kila Jumamosi mimi hulazimika kuyaona yale meno ya yule mume. Hakuna aliyevuka. Diski haijafungwa hadi leo, na atakayethubutu kukibonyeza kitufe cha kuifunga atanitambua.