Mizizi Yangu Ilipoleta Sufuri

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msidhani kutafuta habari kwenye kompyuta kumeanza na ninyi. Mimi niliyeishia darasa la nne niliketi mbele yake miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mnunuzi wa mitumba akawa mfalme pale sokoni Mirongo.

Tuliishi Nyakato. Mkamwana wangu alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa mwisho, nami nimekwisha kukausha mizizi ya kumchemshia uchungu ukianza, asikawie. Mama yangu alininywesha hiyo hiyo. Binti yangu, aliyekuwa akisomea ukunga, akaiona chunguni.

"Mama, hii inaweza kukaza uchungu mpaka mfuko wa uzazi uchanike."

"Imeandikwa wapi?"

"Nitakutafutia."

"Hunitafutii. Twende wote."

Chuoni kwao kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya maharusi. Mtunza maktaba akatumbukiza sahani ndogo inayong'aa, ile waiitayo CD, akasema humo mna habari za maandishi ya wauguzi na wakunga wa nchi nyingi.

"Na wakunga wa huku ziwani wamo?"

"Bibi, sahani hii imetoka Ulaya, si Ukerewe," akacheka. Sikucheka.

Binti akaandika kwa Kiingereza: dawa za miti na uchungu wa uzazi. Ukurasa ukajaa. Akanisomea muhtasari mmoja mmoja; mingine ilionya, mingine haikusema lolote la maana.

"Hiyo ni miti yao. Tafuta wangu."

Akaongeza jina la kitaalamu la mti wangu, alilopewa na mwalimu wake. Ikaja sufuri.

Nikapiga makofi. "Unaona! Dunia nzima imetafutwa, ubaya wa dawa yangu haukuonekana. Nyamaza sasa."

Hakunyamaza. "Na uzuri wake haukuonekana, mama. Hakuna aliyeuchunguza, basi."

"Maneno ya msomi aliyeshindwa hayo."

"Kule kisiwani Ukerewe ulikokulia, kwa nini mlichota maji kwa kata yenye mpini mrefu?"

Swali gani hilo? "Kwa sababu ya mamba."

"Mlikuwa mnamwona?"

Kwetu hakuna aliyetia mguu ziwani eti kwa kuwa tu maji yametulia. Msichana akisema hajaona mamba, alichekwa: ungemwonaje, naye yuko chini?

Njiani niliwawaza waliokunywa wakajifungua salama, mimi nikiwemo. Nikamwaza na jirani wa mama yangu, aliyekunywa akafa akitokwa damu, tukasema ni mkosi. Huenda ilikuwa mizizi, huenda siyo. Hakuna aliyeuliza wala kuandika. Lakini mtoto wa watu hatoswi majini ili mjue kina.

Tulipofika mkamwana akajiinua mkekani, mkono kiunoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nikawaita wote waliokuwa ndani. "Mizizi ile imwagwe. Chungu kioshwe, kipikiwe maharage. Na uchungu ukimshika huyu, mtu asikae jikoni kuchemsha kitu: akalete gari, aende hospitali."