Chini ya meza

Juzi nilimusindikiza dada yangu kwenye formation, mafunzo ya wazazi, huku Nyalukemba, Bukavu. Wote wamepokea watoto wadogo kutoka Burundi, wawe watoto wao kabisa. Maman anayewafundisha aliwaomba kila mumoja ajifunze neno la luga ya mutoto wake.

Papa mumoja, mwenye kostimu ya kijivu, alichagua « ngwino », yaani njoo kwa Kirundi. Tangu binti yake afike nyumbani, hajasema kitu. Siku hiyo alikuja naye kwenye formation, akajificha chini ya meza.

« Ngwino, » papa akamuambia, akiinama kidogo. Binti hakutoka. « Ngwino, mutoto wangu. » Akamugeukia mwalimu: « Maman, pengine ninasema mubaya. »

Binti akachungulia, akapigapiga sakafu kando yake kwa kiganja.

« Ngwino, » akasema.

Papa akaangalia kostimu yake, akatuangalia sisi, kisha akapiga magoti na kuingia. Tukabaki tunaona viatu vyake tu.

« Tumuambie atoke? » dada yangu akanong'ona.

« Mumuache, » mwalimu akasema. « Ameitwa. »

Nimelalamika sana humu ninamoandika kila wiki kwamba wanaume wa Bukavu wakiitwa nyumbani hawaitiki. Wiki hii mumoja ninamuondoa kwenye lalamiko hilo.