Bomba la Saa Moja

Nimeshawaambia kalamu na mimi hatusalimiani, darasa la pili lenyewe sikulimaliza, bado mnataka nimwandike Saa Moja. Haya. Atakayeona kosa la herufi alimeze.

Saa Moja alipiga kengele ya shule miaka thelathini na mmoja. Hata siku mwalimu mkuu alipofiwa, kengele ililia saa moja kamili. Alipostaafu walimpa kiti cha plastiki. Mkewe alimvumilia siku tatu akiamsha kuku, ya nne akamwambia, "Baba Watoto, chukua kile kishamba changu ulime matikiti. Msimu mmoja tu. Ukishindwa nampa kaka yangu, wewe ubaki na kiti chako."

Hilo lilimchoma, maana shemeji yake huyo ana mdomo.

Akalima kweli. Matikiti yakatambaa, yakatoa maua. Na kila Jumatatu na Alhamisi, saa moja asubuhi, bomba la dawa liko mgongoni, anapuliza wadudu. Saa hiyohiyo ndiyo maua ya tikiti yanafunguka, na nyuki wa dada yake, mwenye mizinga minne mlimani pale juu, wanashuka kazini. Wakawa wanashuka, hawapandi.

Dada mtu akaja na nyuki wafu kwenye kikombe. "Mdogo wangu, puliza jioni, maua yakishafunga."

"Dada, jioni mtu anapumzika. Kazi ni asubuhi."

"Hao ndio wanakuchavushia matikiti."

"Matikiti nimepanda mimi."

Dada aliipakia mizinga kwenye mkokoteni, akaipeleka kwa binti yake ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa mbili.

Basi shamba likawa maua matupu. Vitikiti vya ukubwa wa kidole gumba vinageuka njano, vinadondoka. Saa Moja akaongeza dawa. Vikadondoka kwa bidii zaidi.

Bwana shamba alipopita akamweleza: bila nyuki, chuma ua dume, ulipake kwenye ua jike, moja moja. Mkewe akamkuta amepiga magoti, ua mkononi.

"Unamposa nani?"

"Nafanya kazi ya nyuki."

"Umefika wapi?"

"Mstari wa kwanza."

Mistari ilikuwa ishirini na miwili, na jua lilishapanda, maua yanaanza kujikunja. Mgongo uligoma kabla ya ua la sitini. Alikwenda kwa dada yake ameinama vilevile, kunyooka kumemshinda.

"Dada, nyuki warudi."

"Bomba liko wapi?"

"Nyumbani."

"Lilete. Litakaa stoo kwangu. Jioni unabisha hodi, nakupa, ukimaliza unarudisha."

"Dada, mimi mtu mzima."

"Wewe ndiyo. Matikiti yako je?"

Akalileta, limeoshwa.

Mizinga ikarudi, maua yaliyofuata yakashika. Shemeji alikuja mavuno, akala vipande vinne, akasema yana mbegu nyingi. Mkewe Saa Moja akamjibu kwamba shamba lina mwenyewe, asijisumbue kutema. Bomba liko stoo kwa dada hadi leo, na hodi inapigwa.

Nimemaliza. Sasa wewe uliyesoma, bomba lako lisitoke ndani mpaka maua yafunge, kisha uniandikie ulipuliza saa ngapi. Herufi kubwa, macho yangu mabovu.