Mkono wa Daktari

Nianze na hasira zangu, maana kuzificha sijui. Dada yangu, Mama Miche kwa wanaomjua, ametunza mimea ya maabara miaka kumi na mmoja. Mimi naosha chupa chumba cha pili, kwa hiyo msiniambie nimesimuliwa.

Kitalu kile cha vioo kilikuwa na nyanya karibu na mlango, kunde katikati, mahindi mwisho kabisa. Daktari alikuwa anachunguza protini zinazopitisha habari ndani ya mmea. Dada alinieleza huku anapima maji: jani likiguswa, protini iliyo kwenye ngozi ya seli inashtuka, inaipasha habari nyingine ya ndani, nayo inaipasha habari inayofuata, mpaka mmea unaamua kupunguza urefu na kunenepesha shina. Protini za ukoo huo zimo kwenye mimea yote mitatu. Daktari alizibadilisha kwenye baadhi ya miche, apate kujua kama kazi yake ni ile ile kote.

Dada alimwagilia kwa mpira mwembamba, chini kwenye udongo. Mikono ya shati aliikunja hadi kwenye viwiko isije ikaburura majani. Daktari je? Kila asubuhi anasimama mlangoni, anapapasa nyanya, ananusa vidole, "Hamjambo, wanangu?" Halafu huyoo, ofisini.

Basi nyanya zikadumaa. Zikadumaa hata zile za kulinganishia, ambazo protini zake hazikubadilishwa. Kunde na mahindi vikarefuka vizuri tu. Daktari akamwandikia Mkurugenzi wa maabara barua: mtunza mimea mzembe, hamwagilii nyanya, aachishwe kazi mwisho wa mwezi. Dada analea watoto wawili peke yake! Damu ilinichemka. Nikataka nimfuate nikampe vidonge vyake, dada akanivuta.

"Tulia, mdogo wangu. Ijumaa Mkurugenzi anakuja kusikiliza. Tutaongea humo humo kwenye mimea."

Ijumaa ikafika. Mkurugenzi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akaingia. Mimi nikajibanza na ndoo yangu ya chupa, anifukuze anayeweza.

"Mahindi yana protini za ukoo huo huo," Daktari akasema, amesimama pale pale pake mlangoni. "Mbona yenyewe yamerefuka? Hizi nyanya zimekosa maji, basi. Mama huyu ni mvivu."

Mvivu! Dada yangu!

Mkurugenzi akamgeukia. "Una la kusema?"

"Ninalo, mama. Tazama mkono wake."

Tukatazama wote, na Daktari mwenyewe akatazama. Vidole vyake vilikuwa juu ya nyanya, vinapapasa jani.

"Ni kila asubuhi, mama," dada akasema. "Kwenye kunde na mahindi hafiki. Nilimwambia mara mbili, akanijibu nimwachie yeye sayansi."

Mtu kasomea maisha yake yote jinsi mmea unavyohisi kuguswa! Nilicheka kwa hasira mpaka chupa zikagongana.

Barua ilichanwa siku hiyo hiyo. Neno samahani hatujalisikia hadi leo, na mimi bado nalisubiri. Dada hakusubiri. Jumatatu alifunga kamba kati ya mlango na nyanya, akarudi kwenye mpira wake. Daktari akaja, akasimama nje ya kamba, mikono mfukoni.

"Naweza kuingia, mama?" akauliza.

"Subiri nimalize kumwagilia," dada akamjibu, bila kugeuka.