Anayekalia Mikono Yake

Fundi wa fomu za mtandaoni ofisini kwetu hukifungia kipanya cha kompyuta kwenye droo kabla hajaanza kazi. Wapo watu wasioweza kukishika, anasema, na wapo wasioona. Kisha hufumba macho na kupita kisanduku kwa kisanduku kwa kibodi peke yake, huku kompyuta ikimsomea kwa sauti kavu: jina, simu, siku ya kuja. Ikifika kwenye kisanduku isichoweza kukitaja ni cha nini, husonya na kurudi nyuma. Misonyo hiyo tumeshaizoea.

Fomu ikikamilika humwita mtu asiyeijua, naye mwenyewe hukaa pembeni ameikalia mikono yake, asije akaonyesha kwa kidole. Juzi alimwita mlinzi wa getini, mzee wa miwani. Ilikuwa fomu ya kuomba siku ya kumwona daktari, na wagonjwa wangeanza kuitumia Jumatatu. Mzee alichapa kwa kidole kimoja, robo saa nzima, kama anayechambua mchele. Namba ya simu akaiandika kwa kuacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu, kama watu wengi waandikavyo. Akabonyeza Tuma. Fomu haikuzikubali nafasi zile: likatokea neno moja jekundu, "Umekosea", na yote aliyoyaandika yakafutika.

"Samahani," mzee akaiambia kompyuta, akivua miwani aifute.

Fundi akaitoa mikono chini ya mapaja. Ilikuwa imekufa ganzi.

"Usiiombe radhi, mzee wangu," alisema. "Hilo neno nimeliandika mimi."